Mwachie Mzee Nafasi

Picha ya bibi yangu ilitundikwa sebuleni kwetu, Kisii mjini, kabla mimi sijazaliwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kwa nini amesimama pembeni. Amefungua buibui mbele ili gauni lionekane, mkono kiunoni, macho makavu ya mtu anayekudai. Nusu nzima ya picha iliyobaki ni blanketi tupu lililotundikwa ukutani. Mama yangu alikuwa na maelezo yake: bibi alikuwa anamkimbia mpiga picha. Tulicheka, tukaridhika, tukakua.

Siku nilipoishusha ile picha kuifuta vumbi ndipo nilipoona muhuri nyuma yake, wa studio ya Kebirigo, huko juu milimani kwenye chai. Nikashangaa. Bibi aliuza leso na vitambaa soko la Kisii maisha yake yote, na hapa mjini wapiga picha walikuwapo tele. Kilimpeleka nini Kebirigo?

Niseme mimi ni nani, msije mkaniuliza katikati ya hadithi. Sisi ni Waislamu wa mjini. Babu alikuja kutoka Kisumu na mizigo ya nguo, bibi alikuwa binti wa Kigusii aliyesilimu, na sisi tuliobaki ni mchanganyiko ambao hakuna anayetaka kuuchambua. Kigusii nakisema, ila wenyewe hunicheka. Nimeandika vitabu vya shule miaka mingi, vile ambavyo watoto huchorea masharubu. Nilitaka kabla sijafa niandike kitabu kimoja ambacho mtu atakisoma bila kuchapwa. Huyo mpiga picha wa Kebirigo nikasema ndiye.

Kebirigo walikuwa wamemsahau. Mmoja alinipeleka kwa fundi viatu. Mwingine aliapa kwamba studio ilikuwa ya Mhindi. Pale ilipokuwa studio sasa wanauza simu na vifuniko vyake, na kijana wa dukani alinitazama kwa huruma, kama aliyemwona mama wa watu amepotea njia. Ni mwanamke mmoja muuza ndizi aliyeniambia, bila kuacha kupanga mikungu yake, kwamba yule mzee alikwishakufa zamani, kwamba kaburi lake limemezwa na majani chai ya ndugu zake, na kwamba ana binti aliyeolewa Masimba.

Nikaenda Masimba. Binti mwenyewe alikuwa mtu mzima kuliko mimi, mjane, Msabato wa kweli kweli, ana kibanda cha sare za shule kando ya barabara kuu. Nilimwamkia kwa Kigusii changu kibovu, akanijibu kwa Kiswahili chake, na tangu siku hiyo tukaelewana hivyo, kila mtu akiitesa lugha ya mwenzake.

"Wewe ni wa serikali?" akauliza.

"La, mama."

"Ni wa kanisa?"

"Mimi Mwislamu."

"Basi ingia. Wa kanisa angekuwa amekuja na harambee."

Chini ya kitanda chake kulikuwa na debe la biskuti, lile kubwa la mraba. Alipolifungua, chumba kizima kilinuka siki, maana negativu za zamani zikianza kuoza hutoa harufu hiyo. Zilikuwa zimefungwa mbili mbili na tatu tatu kwa uzi wa kushonea. Alizitoa kwa ncha za vidole, akazielekeza dirishani moja baada ya nyingine, na mimi nikaona wanawake. Wanawake tele, waliovaa vizuri, na wote wamesimama pembeni, kando yao blanketi tupu.

"Huyu kama bibi yangu," nikasema.

"Wote ni kama bibi yako," akasema. "Baba alikuwa anawaambia, simama kando kidogo, mwachie mzee nafasi."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Wanaume wa milima hii wakati huo walikuwa Kericho, kwenye mashamba makubwa ya chai, na nyumbani walikuja mara moja moja. Mwanamke akipata siku ya soko na gauni la heshima, hakuwa na sababu ya kumsubiri mume ndipo apigwe picha. Alikuja asubuhi, kabla ya mvua ya mchana, akasimama nyuma ya safu ya maduka mbele ya lile blanketi, akamwachia mumewe nafasi. Mume akija likizo, hata mwaka ukiwa umepita, basi lilimshusha alasiri, akapita studio, akapigwa peke yake upande wa pili wa blanketi lile lile. Kisha mzee akawaunganisha.

Aliwaunganisha kwa mikono. Aliwasafisha wote wawili kwenye karatasi, akamkata mume kwa wembe kufuata mzingo wa koti na masikio, akageuza kipande hicho na kukisugua mgongoni kwa jiwe laini la sabuni kutoka Tabaka mpaka kingo zikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Akabandika, akapaka risasi ya kalamu penye mshono, kisha akaipiga picha ile picha. Kilichotoka ni mume na mke, bega kwa bega, na hungeona mshono hata ungeambiwa uko wapi.

Binti yake alinionyesha haya yote. Ndugu za babake walilima chai, wakajenga, wakamwita baba mtu wa kukatakata karatasi. Alikufa wakimsema hivyo. Wanawe wa kiume wakaiuza kamera kabla matanga hayajaanuliwa. Yeye peke yake, mtoto wa kike asiyerithi kitu, alilikimbilia debe. Alitaka jambo moja tu kwangu, na alilisema waziwazi akiwa amenishika mkono: kitabu kiweke mke, kiweke mume, kisha kiweke wote wawili, ukurasa mmoja.

"Watu waone mikono ya baba," akasema. "Hakuna kompyuta. Ni wembe."

Nikamwahidi. Nani asingeahidi? Mhariri wangu wa Nairobi, aliyekuwa akinijibu kwa neno moja moja kana kwamba maneno yanauzwa, nilipomtumia mfano mmoja alinipigia simu palepale akipiga kelele. Kitabu kilikuwa kimepata roho.

Kumbe nami nilikuwa na tamaa yangu. Nilipekua debe lote nikimtafuta babu. Sikumpata. Babu na mizigo yake ya nguo hakuwahi kufika Kebirigo, na bibi aliiacha ile nafasi bure. Nilikaa kitandani kwa mama wa watu nikalia kama mtoto, nikamlaani babu ambaye sikumjua, na mwenyeji wangu akanipa chai.

Picha iliyo bora kuliko zote haikuwa ndani ya debe. Ilikuwa ukutani kwa ajuza mmoja mlimani juu ya Kebirigo, na binti ndiye aliyenipeleka. Tulipanda kwa miguu katikati ya mashamba ya chai, njia ikiteleza, mimi nikilalamika kila hatua. Ajuza tulimkuta kibarazani, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, kope chache, kicheko kingi. Tukamwita omong'ina, mama mzee, kama anavyoitwa mtu wa umri wake huko. Alituwekea ndizi za kuchemsha kabla hata hatujaketi.

Picha ilikuwa juu ya mlango wa chumba cha kulala. Yeye akiwa msichana mwenye kitambaa kichwani, mumewe kando, mrefu, koti limemzidi mabega. Mikono yao imekaribiana mpaka vidole vinaonekana kama vimegusana. Nimeona picha nyingi za maharusi, na nyingi huonyesha watu wawili wenye njaa wanaosubiri pilau. Hii ilikuwa na upendo. Niliitazama kwa muda mrefu, ndipo nikaona vivuli. Cha mke kilielekea Kisii, magharibi. Cha mume kilielekea Kericho, mashariki. Mmoja alipigwa na jua la asubuhi, mwingine la alasiri.

"Baba yako alisahau vivuli," nikamnong'oneza binti. Katika picha nyingine zote alivifuta kwa risasi.

"Hapa hakuwa na wakati," akanijibu.

Ajuza mwenyewe ndiye aliyetusimulia, huku akicheka, kama anavyosimulia mtu aliyewahi kuwapiga chenga maadui. Siku picha ile ilipounganishwa, mumewe alikuwa maiti. Alifia Kericho, na mwili ulikuja na mwanamke mwingine wa huko, na watoto. Wazee wa ukoo wakauliza, mke wa boma hili ni nani? Ng'ombe wa mahari babake ajuza aliwapokea, lakini walioshuhudia walikuwa ndugu za mume, na ndugu hao ndio waliokuwa wakilitaka shamba. Ghafla wote wakawa hawakumbuki ng'ombe yeyote. Mwanamke asiyetolewa ng'ombe, kwao, ni mgeni aliyekaa sana.

"Nikashuka Kebirigo na miguu," akasema. "Nikamwambia yule mzee, niunganishe naye leo. Hakuniuliza kitu. Alikuwa na mimi, alikuwa na yeye, kila mmoja kivyake."

Asubuhi ya mazishi aliiweka picha juu ya jeneza. Wazee wakaitazama, wakaipitisha mkono kwa mkono. Siku hizo nani aliwahi kusikia kwamba picha husema uongo? Yule mwanamke wa Kericho akarudi kwao. Watoto wake wa kiume wakabaki, maana watoto ni wa ukoo, na ajuza ndiye aliyewalea.

"Nimewapikia mpaka wakaota ndevu," akasema.

Nikamwomba ruhusa ya kuiweka kwenye kitabu. Akafikiri, akitafuna ndizi upande mmoja wa meno.

"Nikishazikwa," akasema. "Nikishazikwa, andika yote. Sasa hapana."

Nikakubali. Nikaandika sura yote, nikaiweka, nikamwambia mhariri asubiri. Mhariri akaguna. Nilimjibu kwamba mama wa watu hafi kwa ratiba ya Nairobi.

Alikufa msimu wa mvua ndefu, usingizini, kifo chepesi alichokistahili. Binti alinipigia simu na sote wawili tukaenda matangani. Turubai lilikuwa limejaa, kwaya ya Wasabato inaimba, jeneza limewekwa mbele ya nyumba na ile picha juu yake, pale pale ilipowekwa mara ya kwanza. Kaburi lilichimbwa kando ya la mumewe, ndani ya migomba. Nikajua kwamba siku ile tulikuwa tumekuja kumaliza jambo. Sikujua ni lipi.

Mtoto mkubwa wa yule mwanamke wa Kericho alisimama kuzungumza. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Nilitamani angekuwa mlevi au mkorofi ili nimchukie vizuri. Alimsifu marehemu. Alisema alimlisha, akamsomesha, akamfunga vidonda. Kisha akasema mlishaji si mke. Mama yake mzazi amelala Kericho kwenye makaburi ya shamba la watu, kati ya wageni, na majani yamemfunika. Alitaka kumleta alale kando ya baba. Kando ya baba kuna nafasi moja tu, upande wa pili ni mpaka na mtaro.

"Huyu mama tumheshimu," akasema. "Lakini tumpeleke kwao."

Watu wakaguna. Kwao wapi? Wazazi walikwishakufa, ndugu wameuza ardhi, boma lao sasa ni shamba la mtu. Kumpeleka kwao kulikuwa na maana ya makaburi ya umma, Kisii mjini, ambako huzikwa wasio na mtu. Mwanamke aliyechuma chai ya mlima ule maisha yake yote!

Mzee mmoja wa ukoo akainua fimbo, akaonyesha picha juu ya jeneza. Mbona jambo hili lilikwisha? Si hao hapa, wamesimama pamoja?

"Picha hiyo imeunganishwa," yule mwanamume akasema. Wala hakupandisha sauti. "Tazameni vivuli."

Wakatazama. Nikaona vichwa vikiinama juu ya jeneza, miwani ikivaliwa, kidole kikifuata mstari huku na huku. Kebirigo si mahali pa siri. Mwaka mzima nilikuwa nimezunguka nikiulizia picha za kuunganisha, na maneno hutembea bila viatu. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipata.

"Yule mama wa mjini anaandika kitabu cha mpiga picha huyo. Yeye anajua. Aseme."

Ya Rabi! Mimi nina mdomo, kila anayenijua atakwambia. Nimegombana na madereva, na maafisa wa elimu, na mume wangu mpaka mlango wa mauti yake. Siku ile ulimi ulinishikana na kaakaa. Nilikuwa na jeneza mbele yangu na macho ya kijiji kizima juu yangu. Kwetu, ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, tunafundishwa tungali wadogo chuoni, kwenye Kurani. Na ukweli je? Ukweli ulikuwa unamtoa mwanamke kwake akiwa maiti. Na yule mwanamume naye alikuwa na mama, naye alikuwa na haki ya kumlilia.

"Mimi nilikuwepo."

Ilikuwa sauti ya binti. Alikuwa amesimama kando yangu na sikumwona akinyanyuka. Aliuacha mkoba wake kitini akaenda mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya kioo cha picha.

"Huyu ni mkono wa baba yangu," akasema kwa Kigusii, polepole, kila mtu asikie. "Nilikuwa msichana. Hawa wawili walikuja pamoja, wakasimama pamoja. Kulikuwa na wingu upande wa mwanamume, uso ulikuwa giza. Baba akanituma nilete kioo cha kabati. Nikakishika huku, jua likarudi kwake. Ndiyo maana kivuli chake kimeenda upande ule. Baba hakuunganisha. Baba hakuwa anajua kuunganisha."

Wote pale walimjua ni mzee wa kanisa, mwanamke asiyetia chumvi hata kwenye habari za mvua. Mzee wa fimbo akatingisha kichwa. Mwingine akasema ni kweli, kioo hurudisha jua, hata watoto hucheza hivyo. Ikawa imekwisha.

Tulimzika kando ya mumewe kabla ya mvua ya mchana. Yule mwanamume alishika koleo kama wengine na kutupa udongo mpaka mwisho. Alipomaliza akanijia akipangusa mikono.

"Mama, ni kweli ile ya kioo?"

"Umesikia mwenyewe," nikasema.

"Nimesikia," akasema, akaenda kukaa peke yake nyuma ya jikoni. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Nililia mimi pia, na sikujua ninamlilia nani.

Wiki iliyofuata nilikwenda Masimba na karatasi zangu. Nilikuwa nimejipanga. Marehemu alisema nikishazikwa, na sasa amezikwa, basi sura inabaki. Nilimkuta binti nyuma ya nyumba, jiko la kuni limewashwa, debe miguuni pake. Alikuwa amekwisha fungua nyuzi zote. Wanawake aliwaweka upande mmoja juu ya gunia safi. Wanaume na zile zilizounganishwa zilikuwa mapajani mwake.

"Usifanye hivyo," nikasema.

Akatia moja motoni. Ilijikunja, ikawaka kwa moto wa njano.

"Mama, nakuomba! Alituruhusu mwenyewe!"

"Alijiruhusu yeye. Umesikia wangapi wamefukuliwa kwa amri ya korti? Wewe andika, na kesho watamtoa pale na mashahidi."

"Basi tuache yake. Tuweke nyingine, moja tu."

"Ya nani?" Akaniangalia. "Wakifundishwa kutazama vivuli, watarudi nyumbani watazame kuta zao. Kuna wamama wangapi huko juu wanakaa kwa sababu ya hizi? Wewe unawajua? Mimi siwajui."

Nilimkasirikia. Sifichi. Nilimwambia anamuua babake mara ya pili, nikamwambia ndugu za babake wangefurahi kumwona sasa. Aliendelea kutia moja moja, kila moja akiielekeza kwanza kwenye mwanga, akiitazama, kama mtu anayeaga. Moshi ulinuka siki na nywele. Nilipochoka kupiga kelele nilikaa chini karibu naye, na mwisho nikawa ninampokeza.

"Na hawa?" nikauliza, nikionyesha wanawake juu ya gunia.

"Hawa wataingia kitabu. Hawana makosa."

Kuna jambo jingine sikuliona siku ile. Kanisani kwao, kila robo mwaka, kabla ya kushiriki meza ya Bwana hutawadhana miguu, wawili wawili, kila mtu akiwa amesafisha moyo na kutubu la kutubu. Binti alikuwa ndiye anayeandaa mabeseni na taulo. Tangu mazishi yale huyaandaa, huchemsha maji, kisha hutoka nje na kukaa chini ya mti wa kanisa mpaka wamalize. Wenzake hudhani ni miguu inamuuma. Nilipomwuliza kwa nini hatubu tu, si Mungu husamehe, alinijibu kwamba kwao aliyesema uongo hadharani hutubu hadharani.

"Nikitubu, nimemfukua," akasema.

Kitabu kikatoka kikiwa chembamba. Mhariri alikwishakasirika na kukasirika, akasema kilichobaki hakina uti wa mgongo, na alikuwa na haki. Kina wanawake, ukurasa baada ya ukurasa, kila mmoja na blanketi lake tupu, na bibi yangu ndiye wa mwisho. Tulikizindua katika ukumbi wa hoteli moja Kisii mjini. Walikuja jamaa zangu kwa ajili ya sambusa, walimu wachache kwa ajili yangu, na binti akaja kutoka Masimba kwa gauni lake la Sabato, akakaa mstari wa mbele.

Mgeni wa heshima alikuwa mhadhiri wa sanaa kutoka Nairobi, mtu mcheshi, hakuwa na ubaya wowote. Alikifungua kitabu, akakiinua watu waone. Akasema mpiga picha huyu alikuwa mtu mwaminifu, mwenye subira na nyuso za watu, lakini tusimpe ukubwa asiokuwa nao. Akageuza kurasa. Huyu pembeni. Huyu pembeni. Huyu naye pembeni, karibu aanguke nje ya picha!

"Jamani, maisha yake yote," akasema, "fundi wetu hakujifunza kumweka mtu katikati."

Ukumbi ukacheka. Hata shangazi yangu, mdomo umejaa sambusa, akacheka. Damu ilinipanda kichwani, nikaanza kunyanyuka na maneno yote tayari, ya wembe, ya jiwe la Tabaka, ya kingo nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mkono wa binti ukanikamata kiganja, ukanirudisha kitini. Alikuwa na nguvu kwa umri wake.

"Kaa," akasema.

Kisha wakamwita yeye, kama familia ya marehemu, aseme neno. Alisimama bila kwenda kwenye kipaza sauti. Alishika kitabu kifuani kwa mikono miwili.

"Ni kweli," akasema. "Baba hakujua katikati. Asanteni kumkumbuka."

Wakampigia makofi mengi. Nilimsindikiza hadi stendi, mvua inanyunya, tumefunika kichwa kwa leso yangu moja. Gari la Masimba likaanza kuita watu.

"Walicheka wote?" akaniuliza.

"Wote."

"Basi hakuna aliyeona," akasema, akapanda.